Safu ya Sababu

Bwana Fumbwe Kitojo hakuwa na gari, hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheo wala mjomba mwenye cheo. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na mke, tangu mwaka ule wa mafuriko. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa sababu mchana wote wa ujana wake aliutumia kubeba marobota ya pamba. Kusoma alisoma jioni, akiwa na miaka thelathini na minne, darasani na watu wazima wenzake ambao magoti yao yaligoma kuingia chini ya madawati. Na juu ya hayo yote, jambo lililowafanya majirani wamtazame kama mtu anayetembea bila kichwa, hakuwa na bunduki.

Inafaa nieleze, kwa faida ya msomaji anayeishi katika nchi yenye akili. Katika nchi ninayoisimulia, ambayo kwa amri ya serikali inaitwa Nchi Tulivu, kila raia akitimiza miaka kumi na minane hupewa bunduki. Lakini haiitwi bunduki. Neno hilo lilifutwa katika nyaraka zote za Dola baada ya kugundulika kwamba linatisha watu. Inaitwa Mwenzi wa Raia. Mwenzi ana cheti cha kuzaliwa, ana sheria inayolinda heshima yake, na katika sensa iliyopita alihesabiwa. Ikaonekana Wenzi ni wengi kuliko wenye kuwabeba. Mheshimiwa Pasua Mawenge, Waziri wa Utulivu, alitangaza matokeo hayo kwa furaha, akasema hakuna nchi nyingine duniani iliyowahi kuongeza idadi ya wakazi wake kwa kasi hiyo bila kujenga hata hospitali moja ya wazazi.

Sheria hiyo ilipoanza, hata watu wazima waliokuwa na kazi zao waliitwa. Fumbwe alipoitwa Bohari la Wenzi kwenda kuchukua wake, aliomba fomu ya kukataa. Ilichukua wiki tatu kuipata, maana hakuna aliyewahi kuiomba. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: "Mikono yangu yote miwili ina kazi. Mmoja unashika kalamu, wa pili unazuia karatasi."

Na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mwandishi katika Idara ya Rambirambi.

*

Idara ya Rambirambi ilikuwa idara bora kuliko zote katika Wizara ya Utulivu. Kila Januari, mpiga chapa wa serikali alichapa barua elfu nne, kwenye karatasi nzito yenye nembo, zikianza hivi: "Kwa mshtuko mkubwa na usiotarajiwa kabisa, Serikali imepokea habari za ghafla za kifo cha…" Hapo paliachwa nafasi ya jina. Barua zilipangwa kabatini kwa robo mwaka. Zikibaki, zilipelekwa mwaka unaofuata. Kwa miaka sita mfululizo hazikubaki.

Majina yaliandikwa kwa mkono, kwa sababu Waziri aliona kuwa rambirambi iliyojazwa kwa mashine ni dharau kwa mfiwa. Hapo ndipo Fumbwe alipopata heshima yake duniani. Mwandiko wake ulikuwa wa kusimamisha watu. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride na kulala kidogo upande wa kulia kama mtu anayesikiliza. Watu waliofiwa walikuwa wakilia huku wakisema, angalau wameandika vizuri.

Chini ya jina kulikuwa na safu ya mwisho, Safu ya Sababu. Hiyo Fumbwe hakuijaza kwa akili yake. Kila watu walipopigwa risasi mahali, liliketi Baraza la Kutafuta Sababu, likitafuta mpaka lipate. Watu ishirini walipouawa uwanjani wakitazama mpira, Baraza lilipata kwamba sababu ilikuwa firimbi, na tangu siku hiyo marefa wa Nchi Tulivu huchezesha mechi kwa kupiga makofi. Walipouawa watu sokoni, sababu ilikuwa matenga ya nyanya. Sasa nyanya hubebwa ndani ya kofia. Mwaka juzi walipouawa wanafunzi wa sekondari, Baraza lilikaa siku tisa, likala mbuzi wanne, likatamka kwamba sababu ilikuwa milango. Muuaji alipita mlangoni. Basi milango ya shule zote nchini ikang'olewa, ikachomwa mbele ya kamera, na wananchi wakapongezwa kwa ushirikiano.

Mfiwa alionyeshwa barua, akatia saini chini ya Safu ya Sababu kwamba amekubali. Kisha barua ilikunjwa, ikapigwa lakiri, nta nyekundu yenye muhuri wa Dola, ikapelekwa posta. Bila barua hiyo hakuna kibali cha kuzika.

Na kuhusu lakiri kulikuwa na sheria fupi, ambayo kila karani aliijua kwa moyo: Kilichopigwa lakiri ni kauli ya Dola, na Dola haikosei.

Msidhani ni maneno ya kupamba ukuta. Kulikuwa na wilaya moja kame inayoitwa Nyikavu, ambako mvua hunyesha mwaka ikipenda. Kijana mmoja aliuawa kule kwa risasi. Karani aliyekuwa akishughulikia alichanganya majalada mawili, na barua ya Nyikavu ikaandikwa kwamba sababu ya kifo ni mamba. Ikapigwa lakiri. Ikaenda. Kosa lilipogundulika, hakuna aliyefikiria kuandika barua nyingine, maana Dola ingekuwa imekosea. Badala yake serikali ilichimba bwawa Nyikavu, ikapeleka mamba kwa lori, ikaajiri Afisa wa Mamba. Mpaka leo gari la maji huenda mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mamba huyo, na wanawake wa Nyikavu huruhusiwa kuchota kidogo, akiwa amelala.

Barua moja tu ilifanya yote hayo. Naomba msomaji aikumbuke.

*

Siku ya Jumanne, saa sita mchana, Fumbwe aliletewa orodha kutoka Shule ya Msingi Mkwajuni. Watoto kumi na wawili.

Katika Nchi Tulivu jamaa hawapigiwi simu. Tukio likitokea, simu za eneo lile hukatwa ili kuzuia taharuki, na watu hujua kwa barua. Kwa hiyo Fumbwe alikunja mikono ya shati, akachovya kalamu, akaanza. Aliandika jina la kwanza. Aliandika la pili. Alikuwa na desturi ya kutosoma orodha yote mara moja. Alisogeza rula chini ya kila jina, ili jicho lisiruke mstari. Hiyo alifundishwa shule ya jioni.

Aliposogeza rula chini ya jina la kumi, alikuwa ameshaandika herufi mbili ndipo mkono ulipojua anachoandika.

Siwema binti Omela, miaka tisa. Mjukuu wake. Asubuhi ile ile, akiwa njiani kwenda shule, alikuwa amepita kwa babu yake, akasimama nyuma ya kiti akimtazama akinoa kalamu.

"Babu, S yako ina tumbo."

"S zote zina tumbo."

"Yako ina tumbo kama mwalimu mkuu akishakula."

"Wewe nenda shule, utachelewa kengele."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Nenda shule.

Fumbwe aliiweka kalamu chini. Karani wa meza ya pili, bila kuinua kichwa, alimwuliza kama wino umekwisha.

*

Baraza lilikaa siku nne tu, kwa kuwa Waziri alikuwa na safari. Mheshimiwa Pasua Mawenge alisoma matokeo mwenyewe, amevaa suti nyeusi ya msiba ambayo wizara humshonea mpya kila robo mwaka.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumejiuliza swali zito, ambalo mataifa dhaifu huogopa kujiuliza. Ni nini kiliwakusanya watoto wale mahali pamoja, uwanjani, saa nne kamili asubuhi? Je, ni Mwenzi? Hapana. Mwenzi alikuwa bado nje ya geti, ametulia, mikononi mwa raia. Ni kengele. Kengele iliwaita, nao wakatii. Serikali yenu sikivu imechukua hatua."

Mwandishi mmoja wa gazeti aliuliza watoto waliorudi mbio madarasani walifia vipi humo humo.

"Hawakufunga mlango," alisema Waziri.

"Milango iliondolewa mwaka juzi, Mheshimiwa."

"Basi huwezi kusema hatukuchukua hatua."

Kuanzia kesho yake malori ya polisi yalipita shule kwa shule yakikamata kengele. Palipokuwa na kipande cha reli kilichoninginizwa kwenye mti, mti nao ulikatwa. Kengele za mbuzi zilipewa muda wa siku thelathini kujisalimisha. Nami sina la kusema. Nasimulia tu yale ambayo watu wazima, waliosoma mchana, waliyafanya wakiwa macho.

*

Mbeyu, binti wa Fumbwe, mjane wa Omela na mama wa Siwema, alikuwa mshonaji. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa sababu mdomoni alizoea kuwa na pini. Alipoletewa barua atie saini, aliisoma yote, mwandiko wa baba yake na chapa ya serikali, mpaka alipofika Safu ya Sababu. Akairudisha.

"Mwanangu hakuuawa na kengele," alisema.

Mletaji alimweleza kwa upole kwamba wafiwa wengine kumi na mmoja wameshakubali.

"Siwalaumu. Watoto hawawekwi kwenye barafu kama samaki, wamewaonea huruma watoto wao. Mimi wangu atanisamehe. Tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikisema uongo, sitaanza akiwa hanisikii."

"Basi hutazika, dada."

"Basi sitazika."

Jioni Fumbwe alikwenda kwake. Alikuta cherehani imefunikwa na sare ya shule imekunjwa juu yake. Alijaribu kusema yale ambayo baba husema.

"Mwanangu, mtoto apumzike. Ni neno tu, lipo kwenye karatasi."

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno lililoandikwa ni la milele. Ulinichapa kwa sababu ya koma."

Ni kweli alimchapa kwa sababu ya koma.

"Andika kilichomwua," Mbeyu alisema. "Nitatia saini hapo hapo, na kesho tunachimba. Wewe si ndiye mwandishi?"

*

Wiki ya pili ilifanyika Siku ya Maombolezo ya Taifa, katika uwanja ule ambao mpira huchezeshwa kwa makofi. Wafiwa walikaa safu ya tatu. Safu ya pili walikaa wakuu wa idara. Safu ya mbele, kati ya Waziri na mke wa Waziri, kwenye kiti cha mahameli, ilikaa bunduki.

Ilikuwa ile ile ya Mkwajuni. Ilikuwa imeoshwa, imepakwa mafuta na kufungwa kitambaa cheupe. Kwa sheria ya Nchi Tulivu, Mwenzi aliyetumiwa vibaya ni mfiwa kama wafiwa wengine, tena mfiwa wa kwanza, kwa kuwa alikuwepo. Ilikuwa imepewa likizo ya siku saba. Daktari pekee wa maradhi ya akili nchini alikuwa amesimamishiwa shughuli zote ili aje aikague kama imepata mfadhaiko, na taarifa yake ilisomwa hadharani: mgonjwa ni mtulivu, hajibu maswali, ila hana dalili za kujidhuru.

Kisha wafiwa walitakiwa kupita mmoja mmoja kushika mkanda wake na kuipa pole. Walipita. Baba mmoja alishika mkanda huku ametazama juu, kama mtu anayechomwa sindano. Zamu ya Mbeyu ilipofika, alisimama mbele ya kiti, mikono nyuma.

"Shika mkanda, dada," alinong'ona afisa wa itifaki. "Ni pole tu. Amepitia magumu."

"Nani?"

"Mwenzi."

"Mshike wewe. Naona mna undugu."

Watu wa safu ya nne walikohoa, wale wanaokohoa badala ya kucheka. Waziri aliinuka, akaja na uso wake wa huruma, ambao alikuwa ameuvaa tangu asubuhi.

"Binti, uchungu wako naufahamu. Mimi mwenyewe nilipoteza mbwa."

"Aliuawa na nani, Mheshimiwa?"

"Alikufa kwa uzee."

"Basi hatujafanana. Wangu alikuwa na miaka tisa."

Akarudi kwenye kiti chake. Mkanda ulibaki ukining'inia. Bendi ya polisi ilianza kupiga kabla ya wakati, na jioni ile Wizara ilitoa agizo kwamba Mbeyu asipotia saini ndani ya siku saba, maiti itazikwa na manispaa bila jina, kwa kuwa jina bila sababu ni jalada lisilokamilika.

*

Siku ya tano kati ya hizo saba, mwanamke mmoja alikuja dirisha la Idara ya Rambirambi. Alikuwa amejitanda kanga mbili, kubwa mno kwa mwili wake, na mkononi alikuwa na mkebe wa majani ya chai. Makarani walimtambua kutokana na magazeti. Mmoja alikumbuka ana kazi chumba kingine, wa pili akamfuata. Akabaki Fumbwe.

"Mimi ni mama yake Lukuba," alisema.

Lukuba ndiye aliyeingia Mkwajuni. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipomaliza kazi yake pale uwanjani alijipiga mwenyewe, na Dola ilimwandika katika daftari jingine, Daftari la Watumiaji, ambalo halina rambirambi.

Fumbwe alimtazama. Nataka msomaji ajue kwamba katika moyo wa mzee huyu hapakuwa na huruma hata ya kujaza kijiko. Alisema kwa sauti ya ofisini, "Idara hii haikuhusu, mama. Mwanao hana barua."

"Sikuja kuchukua barua, mzee wangu. Nimekuja kuzirudisha."

Alifungua mkebe, akatoa karatasi saba, zimekunjwa mara nne nne, akazipanga dirishani.

"Nilimwombea daktari wa akili. Mwanangu alikuwa wa pili wilaya nzima kwa hesabu. Alipomaliza shule walimpa namba kwenye foleni ya kazi, akasimama miaka miwili, foleni ikasogea hatua nne. Wakamcheka. Akaacha kula na watu. Akawa anaongea na ukuta, tena anaushinda. Nikaenda kwa daktari. Wakasema mgonjwa mwenyewe athibitishe kwa saini yake kwamba ana akili timamu, maana saini ya asiye timamu haina nguvu. Akaweka saini. Wakasema, kumbe ni mzima, nenda naye nyumbani."

"Na bunduki?" Fumbwe alilitamka neno hilo ofisini mwake kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita.

"Alipofika kumi na minane alikwenda Bohari. Niliacha chai mezani kumfuata nimzuie. Niliporudi naye, na ile bunduki, chai ilikuwa bado ya moto. Walimwuliza anaitaka ya nini, akasema, nataka kuwaonyesha. Wakaandika kwenye fomu: maonyesho." Alizinyoosha karatasi kwa kidole. "Nikaandika barua wamnyang'anye. Ya kwanza, ya pili, mpaka saba. Nikawaambia, huyu ataua watu. Nikaandika hivyo hivyo, ataua watu. Wakanijibu hizi."

Fumbwe alifungua karatasi ya juu. "Barua yako imepokewa kwa heshima na inashughulikiwa. Mwenzi hawezi kutenganishwa na raia kabla ya kusikilizwa. Kwa kuwa Mwenzi hajasema lolote, shauri limeahirishwa." Alifungua ya pili. Maneno yale yale. B ya mwanzo ilisimama wima kama askari wa gwaride na kulala kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza.

Alikumbuka. Idara ya Malalamiko ilikuwa na upungufu wa waandishi, akaazimwa huko siku za Ijumaa. Aliletewa mafungu ya majibu ayanakili. Hakusoma barua zilizokuwa zikijibiwa. Haikuwa kazi yake. Alikumbuka hata kwamba mkuu wa Malalamiko alisimama nyuma yake siku moja akaisifia ile B.

"Sikuzitupa," mama alisema, "kwa sababu ya huo mwandiko. Kila ikija nasema, mtu mwenye mkono mzuri hivi amekaa akanifikiria. Hawezi kunidanganya. Ningejibiwa kwa mwandiko mbaya ningeamka, ningekwenda mwenyewe kuitupa hiyo bunduki chooni. Mwandiko ulinituliza, mzee wangu. Basi nazirudisha kwa mwenyewe. Unamjua?"

Fumbwe angeweza kusema hamjui. Watu wengi wazuri, katika nchi nyingi, wanaishi mpaka uzeeni kwa jibu hilo.

"Ni mimi," alisema. "Na mmoja wa wale kumi na wawili ni mjukuu wangu."

Mama Lukuba alimtazama kwa muda. Hakumpa pole, na Fumbwe hakuitazamia. Alifunga mkebe mtupu.

"Basi tumeshirikiana," alisema, akaondoka.

*

Bi Nuruana Kasiga, mkuu wa Idara ya Rambirambi, ndiye aliyetunza lakiri. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosoma. Fumbwe alimkuta mezani, akamwomba ruhusa ya kuandika sababu ambayo Baraza halikuitamka.

"Mzee Fumbwe, umebakiza miezi mitano kustaafu. Andika kengele, mtoto azikwe."

"Bi Mkuu, kengele ilimwita. Mimi nilimhimiza aifuate. Haikumwua."

"Unajua barua ya mpwa wangu niliitia saini ya nini? Upepo wa kusi. Aliuawa na upepo wa kusi, akiwa ndani ya benki." Alisema bila kubadili sauti, kama mtu anayetaja namba ya jalada. "Nikatia saini. Nikarudi hapa kesho yake kazini."

"Ulilala?"

"Usiniulize mambo ya nyumbani."

Dirishani lilipita lori la polisi limejaa kengele, zikigongana kila tairi likiingia shimoni. Lori zima lilikuwa likilia kama shule mia zilizotoka mapumziko kwa pamoja, na wapita njia wakawa wametazama chini.

"Likipigwa lakiri neno hilo," Bi Nuruana alisema polepole, "itabidi Dola iwe haikukosea. Unakumbuka mamba."

"Namkumbuka."

"Wamekusanya firimbi. Wamekusanya matenga. Itabidi…" Hakumalizia. Alivua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. Akatoa lakiri na muhuri kwenye saraka, akaviweka juu ya meza, akawasha kibatari cha kuyeyushia. "Nakwenda kunywa chai. Siku hizi nainywa ikiwa imepoa kabisa. Itachukua muda."

Fumbwe alichukua karatasi yenye nembo. Maneno ya chapa, yale ya mshtuko usiotarajiwa, aliyakata kwa mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Jina aliliandika tena, na S akaipa tumbo. Kisha, katika Safu ya Sababu, ambayo ina nafasi ya maneno machache tu, aliandika mpaka akatoka nje ya safu, akateremka pembeni, akageuza karatasi:

"Bunduki. Ilitolewa na serikali kabla chai haijapoa, kwa kijana ambaye mama yake alisema mara saba, kwa maandishi, kwamba ataua watu. Watoto hawakuwa na mlango wa kufunga. Daktari alipatikana kwa ajili ya bunduki. Majibu saba yameambatanishwa. Mwandiko ni wangu, nami nilijivunia. Dola inashauriwa kukusanya kilichoua, kama ilivyokusanya kisichoua. Fumbwe Kitojo, mwandishi."

Alikwenda nayo kwa Mbeyu kwa miguu. Mbeyu aliisoma mara mbili. Aliposoma habari ya majibu saba alimwinulia baba yake macho, akamtazama kwa kitambo ambacho Fumbwe atakibeba mpaka kaburini. Halafu akasema, "Koma hii haihitajiki," akatia saini.

Alirudi ofisini. Chai ya Bi Nuruana ilikuwa bado haijapoa. Aliikunja barua pamoja na zile saba, akaziingiza katika bahasha moja, akashikilia kijiti cha lakiri juu ya kibatari. Tone la kwanza lilianguka pembeni, likamchoma kidole, hakukisogeza. Tone la pili likaanguka mahali pake. Alikandamiza muhuri wa Dola kwa mikono yote miwili, mpaka lakiri ikapoa.

Kwenye dirisha la posta, karani wa kike aliipima bahasha mkononi, akaona nembo.

"Ya kawaida, mzee, au ya rejista?"

"Ya rejista."

"Ukishaiandikisha hairudi."

"Najua, mwanangu. Mimi ni mtu wa kazi hiyo."

Akaigonga muhuri wa tarehe, akaitupa kwenye mfuko.